Shajara ya mradi: kumfuata askari mmoja wa Rejimenti ya 19 katika nyaraka za kivita za Marekani

14 Januari 2024: Tulichonacho

Shajara hii inafuatilia kazi moja tu, nayo ni kumtambua kwa ushahidi wa maandishi baba wa babu yake mama mkwe wangu. Ukoo wao wa Maryland umesimulia kwa vizazi kwamba mzee huyo alitoka utumwani, akajiunga na jeshi la Muungano, yaani upande wa serikali kuu, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, akafika hadi Texas, kisha akarudi nyumbani kulea watoto wake. Ninaiandika kwa Kiswahili kwa sababu wapo ndugu wengi kutoka Afrika Mashariki waliooa au kuolewa katika familia za Wamarekani Weusi, na wakwe wanapowaomba msaada wa kutafuta nyaraka za aina hii hawajui pa kuanzia. Majina ya familia siyaandiki, maana wapo jamaa walio hai ambao bado hatujawapata wala kuwaomba ruhusa.

Tuna vitu vitatu mkononi: masimulizi, jina la ukoo ambalo familia inalitumia hadi leo, na jiwe la kaburi. Jiwe hilo ni la marumaru meupe, la aina iliyotolewa na serikali, lenye ngao iliyochimbwa ndani na herufi zilizoinuka katikati ya ngao. Jina la kwanza linasomeka, na herufi U.S.C.T., yaani Askari Weusi wa Marekani, zinasomeka pia. Namba ya rejimenti inaanza na 1, lakini tarakimu ya pili imelika kabisa, na sehemu ya jina la ukoo imefunikwa na kuvu. Familia imekuwa ikilisoma kuwa ni jina lao.

17 Februari 2024: Utafutaji kwa jina umeshindikana

Mahali pa kwanza tulipotafuta ni hazina ya majina ya askari inayotunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, ambayo ni ya bure na ina majina yapatayo milioni 6.3 ya askari wa pande zote mbili za vita. Majina hayo yalinakiliwa kutoka kwenye kadi za faharasa za Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwa hiyo kosa lolote la karani wa zamani limo humo, na kosa la aliyenakili limeongezwa juu yake.

Watu Weusi wapatao 179,000 walitumikia katika jeshi la nchi kavu la Muungano, na jina la ukoo wa mama mkwe ni la kawaida sana Maryland. Tulipata wengi wenye jina hilo katika rejimenti zilizoundwa jimboni humo, tukafungua majalada yao ya utumishi mmoja mmoja. Mmoja alifia Petersburg, Virginia, mwaka 1864, mwingine alikuwa na umri wa miaka 40 alipoandikishwa, mwingine alizaliwa Virginia akaishia huko huko. Hakuna aliyelingana na umri wa mzee wetu kama unavyoonekana katika sensa ya 1870, ambayo ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu wote waliotoka utumwani.

Kwa upande wa gharama, hatua hii haikugharimu kitu. Picha za majalada hayo ziko Fold3, ambayo ni huduma ya kulipia, lakini maktaba nyingi za umma nchini Marekani zimekwisha kulipia na humruhusu mwanachama kuingia bila malipo. Kabla hujatoa kadi ya benki, mwulize mkutubi wako. FamilySearch, tovuti nyingine ya nyaraka za ukoo, inahitaji akaunti tu, na akaunti ni bure.

9 Machi 2024: Jiwe limetupa njia

Suluhisho lilipatikana tulipoacha kulisoma jiwe lenyewe, tukaanza kutafuta hati ya serikali iliyolilipia. Sheria ya tarehe 3 Februari 1879 iliiruhusu serikali kuu kutoa mawe kwa ajili ya makaburi ya maveterani wa Muungano waliozikwa katika makaburi ya watu binafsi, na kila jiwe liliandikiwa kadi. Kadi za tangu takriban 1879 hadi 1903 zimepigwa picha na kuwekwa katika maikrofilamu M1845, na picha hizo zinapatikana mtandaoni. Kadi hutaja jina, cheo, kombania, rejimenti, makaburi na kaunti.

Tulitafuta kwa makaburi na jina la kwanza, tukaliacha wazi sanduku la jina la ukoo. Kadi ilijitokeza ikiwa na Rejimenti ya 19 ya Askari Weusi wa Marekani, na jina la ukoo lililokuwa tofauti kabisa na lile la familia. Kuanzia hapa nitayaita jina la nyumbani na jina la jeshini. Shemeji yangu anayeishi Maryland alirudi makaburini akiwa na maji safi na brashi laini (asitumie dawa yoyote mtu anayejali marumaru), akapiga picha jua la jioni likiangaza jiwe kwa ubavu, na herufi za jina la jeshini zikaonekana waziwazi.

Mama mkwe alipoambiwa alinyamaza kwanza, kisha akauliza kama tumempata mtu mwingine. Swali hilo ni la haki, na kadi peke yake haiwezi kulijibu. Kwa hiyo lengo la mradi limebadilika: sasa tunapaswa kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

20 Aprili 2024: Jalada la utumishi

Anayefungua jalada la askari wa vita hivi kwa mara ya kwanza anaweza kudhani anatazama karatasi za mwaka 1864. Sehemu kubwa si za wakati huo. Idara ya Vita, chini ya usimamizi wa Fred C. Ainsworth, ilianza miaka mingi baada ya vita kunakili madaftari ya kuhesabia askari kwenye kadi ndogo, kadi moja kwa kila mara askari alipotajwa, kisha kadi za mtu mmoja zikawekwa katika bahasha yake. Kusudi lilikuwa kuharakisha maamuzi ya pensheni, kwa kuwa madaftari yenyewe yalikuwa yakichanika kwa kupekuliwa. Kadi ni nakala ya karani, nasi tumeziheshimu kwa kiwango hicho.

Jalada la mzee wetu lilikuwa na kadi za kawaida, na nyuma yake karatasi chache za asili. Rejimenti ya 19 iliundwa Camp Stanton, karibu na Benedict kwenye Mto Patuxent, kati ya Desemba 1863 na Januari 1864. Kadi ya maelezo inampa umri wa miaka 20, mkulima, mzaliwa wa Kaunti ya Prince George's. Umri unalingana na sensa. Kadi ya Julai na Agosti 1864 inasema hayupo kambini, yuko hospitali, alijeruhiwa tarehe 30 Julai. Hiyo ni siku ya vita vya Shimo huko Petersburg, ambako askari wa Muungano walilipua baruti chini ya ngome ya adui, na divisheni ya askari Weusi, iliyokuwa imefunzwa kutangulia, ikabadilishiwa amri siku moja kabla na kupelekwa baada ya wengine kukwama. Wengi wao waliuawa wakiwa wamekwisha kujisalimisha. Kadi haisemi hayo yote. Ina mistari miwili tu ya mwandiko, na msomaji anapaswa kuijua tarehe ili aelewe alichokiona kijana yule.

Nilitafuta pia maneno yanayoonekana kwenye kadi za askari wengine Weusi, kwamba mtu alikuwa huru tarehe 19 Aprili 1861 au kabla yake. Askari Weusi walilipwa dola 10 kwa mwezi, nazo zikakatwa dola 3 za mavazi, wakati mwenzao mweupe alipata dola 13. Bunge liliposawazisha mishahara mwezi Juni 1864, malipo ya nyuma hadi siku ya kuandikishwa yalitolewa kwa waliokuwa huru siku ile, na wengine wote wakasawazishiwa kuanzia Januari 1864 tu, hadi sheria ya Machi 1865 iliporekebisha. Mtafiti anufaike na dhuluma hiyo: neno moja la karani wa mishahara linaweza kuwa ushahidi pekee wa hali ya mtu kabla ya vita. Kwenye kadi za mzee wetu maneno hayo hayapo.

Badala yake, picha ya mwisho kabisa katika jalada ni hati ya kuachiwa huru. Amri ya Idara ya Vita namba 329 ya tarehe 3 Oktoba 1863 iliruhusu mwenye mtumwa huko Maryland, Missouri na Tennessee, akiwa mtiifu kwa serikali, kudai fidia isiyozidi dola 300 kwa kila mtumwa aliyeandikishwa, mradi awasilishe hati ya kumwacha huru na kula kiapo cha utii. Hati iliyomo ni fomu iliyopigwa chapa, nafasi zilizo wazi zikajazwa kwa wino: jina la mwenye mtumwa, kaunti, jina la kwanza la kijana, namba ya rejimenti. Nafasi ya jina la ukoo la kijana ilipigwa mstari mtupu. Jina la mwenye mtumwa ndilo jina la jeshini.

Naomba kila anayefuata njia hii afungue picha zote hadi ya mwisho. Majalada mengi ya rejimenti za Maryland hufungwa na watafiti baada ya kadi ya kuachishwa jeshini, na karatasi kama hii hubaki nyuma bila kusomwa.

1 Juni 2024: Utaratibu wa picha

Ni jambo la kawaida, lakini liliturudisha nyuma. Picha zilizopakuliwa zilibeba majina ya tarakimu tu, zikachanganyika na za askari wengine. Sasa kila faili inaitwa kwa rejimenti, kombania, aina ya hati, mwaka na namba ya picha ndani ya jalada, na katika jedwali tunaandika tulikoipata na siku tuliyoipakua. Nakala moja iko kwa shemeji na nyingine kwangu.

13 Julai 2024: Faharasa ya pensheni

Faharasa kuu ya pensheni, T288, imepangwa kwa majina ya watu, kuanzia waliotumikia mwaka 1861. Tulitafuta jina la jeshini, hakuna kitu. Tukatafuta jina la nyumbani, tukapata watu wengi na hakuna wa Rejimenti ya 19. Kwa muda tuliamini kwamba hakuwahi kuomba pensheni, jambo ambalo halikuingia akilini, kwa sababu sheria ya tarehe 27 Juni 1890 iliwaruhusu maveterani waliotumikia angalau siku 90 kuomba hata kama ulemavu wao haukutokana na vita, na mzee wetu alikuwa na jeraha la vitani juu ya hayo.

Jibu lilikuwa katika faharasa ya pili, T289, ambayo ina watu wale wale lakini imepangwa kwa rejimenti, kisha kombania, kisha jina. Tuliacha kisanduku cha kutafutia, tukafungua kadi za kombania yake moja baada ya nyingine, kama mtu anayekagua gwaride. Kadi yake ilikuwapo. Jina la nyumbani limeandikwa kwa tahajia ambayo hakuna mtu wa familia angeibuni, na chini yake jina la jeshini limewekwa kama jina la pili. Kadi inabeba namba ya ombi na cheti chake, na ya mjane wake.

Kama kuna jambo moja ninalotaka wasomaji walichukue, ni hili: kwa watu waliotoka utumwani, kombania ni anwani ya kuaminika kuliko jina. Jina liliandikwa na mtu mwingine, kwa sikio lake, na mara nyingi kwa haraka. Kombania ilikuwa na watu wasiozidi mia hivi, waliolala na kula pamoja, na serikali ilijua nani yuko wapi kwa sababu ilipaswa kuwalipa. Mashine za kutafutia zimetuzoeza kuanza na jina, na kwa watu hawa mazoea hayo huwapoteza mara ya pili.

28 Septemba 2024: Washington, na migongo ya karatasi

Sehemu kubwa ya majalada ya pensheni ya vita hivi haijapigwa picha. Mtu anayeishi mbali anaweza kuagiza jalada zima kwa barua au mtandaoni kwa dola 80 kwa kurasa 100 za kwanza, na senti 70 kwa kila ukurasa unaozidi. Mimi niko Ohio, lakini shemeji yuko karibu, akaenda mwenyewe katika jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa huko Washington. Kadi ya mtafiti ni bure, kamera ya simu inaruhusiwa bila mwako, na kalamu ya wino hairuhusiwi. Gharama yetu ilikuwa nauli ya treni.

Mambo mawili yalituchelewesha. La kwanza, aliomba jalada kwa namba ya cheti cha askari, wakati pensheni ya mjane inapokubaliwa karatasi za mume huhamishiwa katika jalada la mjane. Omba kwa cheti cha mwisho kilichoandikwa kwenye kadi. La pili ni zito zaidi: katika ziara ya kwanza zilipigwa picha za nyuso za karatasi tu. Hati za pensheni zilikunjwa mara tatu na kuandikwa mgongoni, na huko ndiko iliko mihuri ya tarehe, majina ya mawakili, na maoni ya makarani kuhusu nani aaminiwe. Bila migongo hatukuweza kuipanga hata mfuatano wa maombi. Ilibidi arudi, na sasa kanuni yetu ni uso, mgongo, uso, mgongo, hata kama mgongo ni mtupu.

16 Novemba 2024: Jalada linasema nini

Kwa sababu ya majina mawili, ofisi ya pensheni ilimtuma mkaguzi maalumu kijijini. Mkaguzi aliwahoji majirani na wanajeshi wenzake kwa kiapo, akaandika maneno yao. Mmoja wa mashahidi, aliyekuwa kombania moja naye, alieleza kwamba walikua katika mashamba yanayopakana, kwamba baba wa mzee wetu alijulikana kwa jina la nyumbani, na kwamba siku ya kuandikishwa Camp Stanton karani aliwauliza wao ni watu wa nani, akaandika jibu kama jina. Mzee mwenyewe alisema kwa mkaguzi kwamba tangu alipoachishwa hakulitumia tena jina lile isipokuwa kwa mambo ya serikali. Hapo ndipo tulipojua kwa nini jiwe, ambalo ni jambo la serikali, linabeba jina ambalo watoto wake hawakulirithi.

Vyeti vya madaktari vinaeleza mkono wa kushoto uliopigwa risasi, na meno yaliyopotea kwa kiseyeye. Hicho kinathibitisha masimulizi ya Texas: Kikosi cha 25, ambacho Rejimenti ya 19 ilikuwa sehemu yake, kilipelekwa Texas, mpakani mwa Mexico, katikati ya mwaka 1865, na kiseyeye kiliwashambulia askari wengi kwa kukosa mboga na matunda. Rejimenti iliachishwa Januari 1867, karibu miaka miwili baada ya vita kwisha. Orodha maalumu ya maveterani ya mwaka 1890, ambayo kwa Maryland imesalia ingawa sensa kuu ya mwaka huo karibu yote imepotea, inamtaja kwa jina la nyumbani, ikiwa na kombania ile ile na ugonjwa ule ule.

Karatasi iliyomliza mama mkwe ni ile ya maswali ambayo ofisi ya pensheni iliwatumia maveterani mwaka 1898: umeoa, nani, lini, nani alifungisha ndoa, watoto walio hai ni akina nani na walizaliwa lini. Majibu yapo, kwa mwandiko wa mtu mwingine, na alama ya msalaba badala ya sahihi. Miongoni mwa watoto yumo babu yake, pamoja na tarehe ya kuzaliwa ambayo hakuna aliyekuwa akiijua.

Aliniuliza baadaye kuhusu baba yake mzazi, aliyetumikia jeshi la nchi kavu katika Vita Kuu ya Pili. Nimemweleza kwamba moto wa Julai 1973 huko St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Tutaomba, lakini kazi hiyo itakuwa na shajara yake.

8 Februari 2025: Kabla ya vita

Orodha za watumwa za sensa ya 1860 hazina majina yao, bali umri, jinsia na rangi chini ya jina la mwenye watumwa. Kwa bwana aliyetajwa katika hati ya kuachiwa huru, wapo vijana wawili wa kiume wenye umri wa karibu na wa mzee wetu. Hatukuchagua mmoja, kwa sababu umri peke yake si uthibitisho.

Kilichotusogeza mbele ni orodha za miaka 1867 hadi 1869 zilizoko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo la Maryland. Katiba mpya ya jimbo ilikomesha utumwa tarehe 1 Novemba 1864, na waliokuwa na watumwa siku hiyo waliandikisha majina yao wakitarajia fidia. Kwa Kaunti ya Prince George's orodha hiyo ipo, na bwana yule alimwandikisha mzee wetu kwa jina la nyumbani, akaongeza mbele yake Rejimenti ya 19. Kwa hiyo jina la baba lilijulikana shambani muda wote, hata na mtu aliyeacha mstari mtupu katika fomu ya mwaka 1863. Mama mkwe ameomba picha ya ukurasa huo iwekwe pamoja na ile ya jiwe.

Katika ukurasa huo huo wamo mwanamke mmoja mzima na wasichana wawili wenye jina hilo hilo la nyumbani. Huenda ni mama yake na dada zake, lakini hadi sasa ni watu walioandikwa karibu naye tu. Hatua zinazofuata ni mbili. Moja ni kusoma madaftari ya sahihi ya tawi la Baltimore la Benki ya Watu Walioachiwa Huru, ya miaka 1866 hadi 1874, ambamo wenye akaunti waliulizwa majina ya wazazi na ndugu. Nyingine ni kuomba jalada la pensheni la yule shahidi wa kombania, kwa sababu mtu aliyekulia shamba la jirani huenda, alipoulizwa habari za maisha yake mwenyewe, alimtaja mama wa rafiki yake. Namba ya cheti chake tunayo, tena ya mjane, na shemeji ameshaiandika kwa penseli.